Ufundi ujenzi: saiti au chuo? Piga hesabu kabla hujachagua

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka, swali lilelile hurudi katika familia nyingi za Tanzania: kijana anayetaka ufundi wa ujenzi apelekwe chuo, au akabidhiwe kwa fundi aanze kazi kesho asubuhi? Wengi huamua kwa kuangalia ada peke yake. Chuo kina ada, fundi hadai kitu, basi kwa fundi ni bure. Uamuzi huo umewagharimu vijana wengi miaka yao ya nguvu, kwa sababu katika kujifunza ujenzi ada ni sehemu ndogo sana ya gharama.

Nimelinganisha hapa njia nne zilizo wazi kwa kijana wa kawaida. Bei zenye neno "tuseme" ni za kufanyia hesabu. Weka za mahali pako, kisha uone jibu linaangukia wapi.

Kwa fundi, saiti

Mpangilio wake unajulikana. Kijana anaanza kwa kubeba maji na kusogeza tofali. Akizoeleka anachanganya mota, halafu anapewa mwiko apange tofali za katikati ya ukuta, huku fundi mwenyewe akishika kona. Siku atakayoachiwa kona, amehitimu.

Yapo mambo ambayo hakuna darasa linayafundisha vizuri kama saiti. Kasi ni jambo moja. Kuvuta uzi na kusoma timazi kwenye upepo ni lingine. Kijana hujifunza pia kukadiria tofali za chumba kwa kutazama msingi, na kuzungumza na mwenye nyumba aliyeishiwa hela katikati ya lenta. Hata kupima pembe ya nyumba anajifunza hapa: anavuta futi kamba mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mkato ukisoma mita 5 kamili, kona imekaa mraba.

Gharama yake ndiyo haionekani. Tuseme kibarua wa kawaida mtaani kwenu analipwa Sh15,000 kwa siku, lakini mwanafunzi wa fundi anapewa Sh5,000 ya kula "kwa sababu anajifunza". Kila siku anaacha Sh10,000 mikononi mwa fundi. Kazi zikipatikana siku 15 kwa mwezi, hiyo ni Sh150,000 kwa mwezi na Sh1,800,000 kwa mwaka. Ni ada isiyo na risiti. Na kwa kuwa hakuna tarehe ya kumaliza, fundi asiye muungwana anaweza kumbakiza kijana kwenye toroli mwaka wa pili na wa tatu, maana msaidizi mzoefu wa bei rahisi ni faida kwake.

Gharama ya pili ni kurithi makosa. Chukua zege la moja-mbili-nne. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Unahitaji basi lita 70 za mchanga na lita 140 za kokoto, yaani ndoo za lita 20 tatu na nusu za mchanga na saba za kokoto. Sasa nenda saiti nyingi za mitaani utazame: mfuko mmoja, toroli mbili za mchanga, toroli tatu au nne za kokoto. Toroli ikijazwa sawasawa hubeba lita 60 hivi, kwa hiyo mchanga peke yake umefika lita 120. Fundi anaamini kabisa kwamba amepiga moja-mbili-nne, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na fundi wake. Halafu zege likiwa gumu kulisukuma, anaongeza maji, na maji hayo yakikauka yanaacha vitundu vinavyolidhoofisha. Kijana anayejifunza hapo anachukua yote, zuri na baya, bila kujua lipi ni lipi.

Chuo cha VETA

VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, imekuwepo kwa sheria ya mwaka 1994, na katika vyuo vyake vya serikali ada ya kozi ndefu kwa miaka mingi imekuwa Sh60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh120,000 kwa wa bweni. Linganisha na ile Sh1,800,000 ya kwa fundi: ni mara 30 ya ada ya kutwa.

Lakini usiishie kwenye ada. Tuseme kijana anapanda daladala mbili kwa siku kwa Sh600 kila moja, siku tano kwa wiki, wiki 40. Nauli peke yake ni Sh240,000 kwa mwaka, mara nne ya ada. Ukijumlisha na ada, kutwa imefika Sh300,000 kabla hajala chakula cha mchana. Ndiyo maana bweni linaloonekana ghali linaweza kuwa nafuu zaidi. Uliza kama chakula kimo humo, na uombe orodha ya michango, vifaa na sare kwa maandishi.

Gharama kubwa zaidi ni kipato anachokosa. Kijana ambaye angekuwa kibarua wa Sh15,000 kwa siku 15 za mwezi anaacha Sh225,000 kila mwezi wa masomo. Kwa familia inayomtegemea hilo ni zito, na ni haki kulizungumza waziwazi kabla ya kujaza fomu.

Anachopata ni uashi kwa mpangilio: kusoma ramani, vipimo vya mchanganyiko, kumwagilia zege siku saba na kwa nini, usalama kazini, makadirio, na cheti cha ngazi ya kwanza, ya pili au ya tatu kinachotambulika nchi nzima. Anachokosa ni kasi. Ukuta wa karakana hujengwa taratibu na hubomolewa kesho yake; hakuna mwenye nyumba anayesubiri. Kwa hiyo wiki za mafunzo kazini ndizo za dhahabu. Mwanafunzi anayezitumia kusaka muhuri kwenye fomu ametupa nusu ya kozi yake.

Uanagenzi

Hapa chuo na kampuni vinamlea kijana mmoja: sehemu ya muda darasani, sehemu kubwa kazini, chini ya mkataba. Serikali, kupitia programu ya kukuza ujuzi iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, imekuwa ikiwalipia ada baadhi ya vijana kwa utaratibu huu. Kwa mfuko wa familia hakuna njia yenye nafuu kuliko hii, na kwa kujifunza hakuna inayosawazisha vizuri zaidi mkono na kichwa. Kasoro yake ni uchache wa nafasi. Fuatilia matangazo kwenye chuo kilicho karibu na ofisi ya halmashauri, lakini usimweke kijana nyumbani mwaka mzima akisubiri.

Kurasimisha ujuzi

Njia hii ni ya fundi ambaye tayari anajua kazi lakini hana karatasi. VETA humpima aliyejifunza kazini, humpa mafunzo ya kuziba mapengo yake, humtahini, na akifaulu humpa cheti. Hapa hesabu iko wazi kuliko mahali pengine pote. Tuseme fundi anapata Sh30,000 kwa siku; kwa siku 15 za mwezi anaingiza Sh450,000. Akiacha kazi kukaa darasani, tuseme miezi 20 ya masomo, amepoteza Sh9,000,000 ili afundishwe kwa sehemu kubwa mambo anayoyafanya kila siku. Urasimishaji unamtoa kazini kwa muda mfupi tu. Ada yake hutofautiana, na serikali imewahi kuwagharamia mafundi wengi, kwa hiyo aanze kwa kuuliza kama kuna awamu ya kulipiwa.

Zile siku za kuziba mapengo asizichukulie kama usumbufu. Hapo ndipo anapoweza kugundua kwamba toroli zake zimekuwa zikimdanganya miaka yote.

Na stashahada?

Kijana mwenye ufaulu mzuri wa hisabati na fizikia anaweza kulenga stashahada ya uhandisi ujenzi ya miaka mitatu, kwa mfano DIT Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha. Ada ni kubwa kuliko ya VETA kwa mbali, ila tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada. Njia hii inatoa msimamizi wa kazi. Anayependa kushika mwiko asipelekwe huko kwa ajili ya heshima ya jina.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali

Kwa fundi: Kijana atalipwa kiasi gani, na kitapanda lini? Ataanza lini kupanga tofali, na lini kushika kona? Yaandikeni, mzazi au mjomba awe shahidi. Karatasi moja yenye sahihi tatu imeokoa vijana wengi.

Kwa chuo: Wanafunzi wangapi wanatumia karakana moja? Nani anatafuta nafasi ya mafunzo kazini, chuo au mwanafunzi? Mkufunzi humfuata mwanafunzi saiti?

Kwa kampuni: Kofia, buti na glavu zinatolewa? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga. Kampuni inachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi? Akianguka kwenye jukwaa, jibu la swali hilo ndilo litakaloamua nani anabeba gharama. Kwa binti, uliza pia kuhusu choo na mtu wa kumwendea akisumbuliwa. Saiti isiyo na majibu hayo haijawa tayari kumpokea. Na aliye chini ya miaka 18 asipandishwe jukwaani kabisa, kwa sababu sheria za kazi zinakataza kumpa kazi hatarishi.

Uamuzi

Kijana wa miaka 18 ambaye familia inaweza kumbeba aende VETA, na kila likizo awe saiti akilipwa kama kibarua. Anayelazimika kuingiza hela leo aende kwa fundi kwa makubaliano yaliyoandikwa, na tangu siku ya kwanza ahifadhi picha na majina ya kazi alizoshiriki, ili miaka michache baadaye akarasimishe. Fundi mzoefu asirudi darasani miaka miwili, aende kupimwa. Anayetaka umeme wa majumbani asijidanganye na njia ya saiti peke yake, kwa kuwa leseni ya kufunga umeme inayotolewa na EWURA inadai cheti. Na nafasi ya uanagenzi ikitokea, iwahiwe na yeyote kati yao anayestahili.

Njia ya kuogopa ni moja tu: ile ya kijana kukaa kwa fundi bila malipo ya haki, bila muda wa kumaliza na bila mpango wa cheti. Mzazi anayeiita njia hiyo ya bure achukue kalamu, aandike malipo ya siku ya kibarua, atoe anacholipwa mwanawe, azidishe kwa siku za kazi za mwaka. Namba atakayoipata ndiyo ada anayolipa sasa, na kwa fedha hiyo ana haki ya kudai kijana wake afundishwe kazi nzima, kuanzia ndoo ya mchanga hadi kona ya ukuta.