Macho Yanapopepesa Bila Kutumwa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza tiki: mwendo wa ghafla wa misuli, au sauti, unaomtoka mtu tena na tena bila kutaka. Leo tutazame macho, maana mara nyingi tiki huanzia huko.

Mtoto wa miaka mitano au sita anaanza kupepesa kwa nguvu, mfululizo. Baadaye huenda akakonyeza, akakodoa, au akageuza mboni juu mpaka ubaki weupe mtupu. Darasani hayo yote yana tafsiri mbaya: anakonyeza wenzake, anamdharau mwalimu. Anachapwa kwa jambo asilolianzisha kwa hiari. Inauma, tena wasiwasi huzidisha tiki.

Kinachowapoteza wakubwa ni kwamba mtoto anaweza kujizuia kwa muda, basi husema anafanya kusudi. Sivyo. Wengi, hasa wakishakua kidogo, huhisi mwasho au mkazo kwenye kope kabla ya tiki, nao hautulii mpaka wapepese. Ukiuzuia unazidi, kama chafya. Mwanafunzi anayepigana nao anasoma ukurasa mzima asishike kitu. Macho yakigeuka, mstari umempotea.

Jicho lenyewe kwa kawaida ni zima. Hitilafu iko ndani ya ubongo, kwenye njia zinazochuja miendo ya mwili. Lakini si kila kupepesa ni tiki: mzio, ukavu wa macho na kuhitaji miwani hufanana nayo, kwa hiyo daktari wa macho amwone mapema. Anayepepesa huku amezubaa, haitiki akiitwa, achunguzwe kifafa. Na ile kope kucheza, ambayo kwetu huambiwa ni dalili ya mgeni au kilio, mara nyingi hutokana na uchovu au kahawa nyingi.

Mwaka 1885 daktari Mfaransa Georges Gilles de la Tourette alieleza wagonjwa 9 wenye tiki nzito, za misuli na za sauti. Watoto wengi hawafiki huko. Tiki zao mara nyingi huisha kabla ya mwaka.

Zikisumbua, yapo mazoezi: hamu ikija, mtoto hupepesa taratibu, kwa makusudi, mpaka ipite. Dawa zipo pia, ila mojawapo, haloperidoli, yenyewe inaweza kuyakwamisha macho juu. Hilo likitokea, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.