Mwembe Ukigeuka Noma

Oktoba ya Tabora haina dogo. Saa saba mchana kitaa kizima kimesanda: wana wa boda pale Kiloleni wamejilaza juu ya tenki, mishe za Kanyenye zimesimama, na geto la bati lisilo na dari halikaliki mpaka usiku mnene. Joto linagonga nyuzi 32, siku nyingine linazidi. Washkaji wanaotoka Dar wanashangaa, maana walisikia huku ni juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, wakaja na majaketi.

Mchongo wenyewe uko hivi. Tabora iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua likiwa linashuka kusini linatupitia utosini kwenye tarehe 5 au 6 Oktoba. Mchana ule kivuli chako unakikanyaga. Mvua ya maana ilikatika tangu Mei, ardhi imekauka, mawingu ya kukinga ni machache, basi joto linajijenga kila siku. Mwanzoni ni joto kavu, jasho linakauka kabla hujalifuta. Mwezi ukielekea kuisha, unyevu unaanza kuingia kutoka upande wa Kongo, na hapo ndipo kinaumana: nyuzi zinaweza kuwa zilezile, ila shati limeganda mgongoni. Jasho likigoma kukauka, mwili haupoi. Msela anayebeba zege saa nane mchana bila maji anacheza na uhai wake, na sisemi hivyo kumtisha mtu.

Fukuto likifika hapo, ujue mvua inanukia. Asubuhi kweupe, mchana vijiwingu vinachipua, saa tisa au kumi wingu limepanda juu mpaka limetandaza kichwa. Unakuja upepo wa baridi na vumbi, maembe yanaanza kudondoka, na madogo wote wanachomoka mbio kwenda chini ya mwembe.

Hapo ndipo nataka tuongee, wanangu.

Mwembe kwetu ni maskani. Miembe mikubwa iliyosimama kwenye njia ya zamani ya misafara, ile ya Bagamoyo mpaka Ujiji, ilipumzisha watu na mizigo yao, na leo inatupa kivuli sisi na stori zetu za mpira. Mimi kiangazi sina pa kukimbilia pazuri kuliko pale. Lakini wingu likishapanda, palepale ndipo pabaya kuliko pote. Radi inatafuta kilicho kirefu, ikishuka kwenye mti inaweza kumrukia aliyesimama chini, au ikapita ardhini mpaka miguuni kwake. Embe la bure halina thamani hiyo.

Mababu zetu wapagazi wa Kinyamwezi walilisoma anga vizuri mno. Wale wazungu wapelelezi, Burton na Speke, walipoingia Kazeh, Tabora ya enzi hizo, tarehe 7 Novemba 1857, mvua zilikuwa mlangoni. Msimu huo mpagazi akili yake iko shambani. Jembe linamwita kuliko mzigo wa mzungu, na wazungu wale walikaa Kazeh mpaka Desemba ndipo wakasogea kuelekea Ujiji. Mbingu ndiyo iliyopanga ratiba. Hilo naliheshimu sana.

Sisi tuna hadi simu. Kabla mvua za Msimu hazijaanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa mwelekeo wa Novemba mpaka Aprili, na utabiri wa kila siku upo. Mtu anafungua simu kucheki mkeka wake mara kumi, utabiri hata mara moja hataki. Sio poa kabisa. Januari 2025, kaskazini yetu huko Bukombe, Geita, radi iliua wanafunzi 7 wa Sekondari ya Businda, wakiwa shuleni, mvua inanyesha. Shule zetu zinahitaji vikinga radi, na hili tuwabane viongozi bila aibu.

Kwa upande wetu, hesabu. Ukiona mwanga, anza kuhesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita moja. Hesabu ikifika chini ya sekunde 30, mpira unasimama, hata kama mnaongoza. Ingia kwenye nyumba yenye kuta au gari lililofungwa, chomoa tivii, achana na bomba. Boda paki, usidanganyike na matairi ya mpira, hayakukingi. Kibanda cha wazi nacho kimeo. Halafu subiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho, kwa sababu radi inaweza kupiga hata mvua ikiwa imeshakatika kwako. Dakika hizo ndizo madogo wanaponyoka kwenda kuokota, kwa hiyo kaka mtu, dada mtu, simama mlangoni uwazuie. Maembe yatakuwa palepale.