Mkataba Hufika Bungeni Umeshasainiwa

Tarehe 21 Machi 2018, mjini Kigali, nchi 44 zilitia saini mkataba wa Eneo Huru la Biashara Barani Afrika. Aliyetazama sherehe ile angedhani biashara ingeanza kesho yake. Kumbe mkataba ulikuwa haujamfunga yeyote.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969, unaotoa kanuni za mikataba baina ya mataifa, unaitaka nchi iliyosaini isifanye jambo la kuuvuruga mkataba husika. Kuutekeleza ni suala jingine. Hapo mpaka iridhie. Kwa Tanzania, Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Azimio likipita, serikali huandaa hati ya kuridhia na kuikabidhi kwa mtunzaji wa mkataba. Kwa mkataba wa Kigali, zilihitajika hati 22. Kenya na Ghana zilitangulia Mei 2018, mkataba ukaanza kufanya kazi tarehe 30 Mei 2019. Bunge la Tanzania liliuridhia Septemba 2021.

Kinachonisumbua ni wakati. Mkataba hufika bungeni mazungumzo yamekwisha na wino umekauka. Mbunge hawezi kuhamisha hata nukta, maana upande wa pili haumo ukumbini. Hubaki kukubali au kukataa, au, pale mkataba unaporuhusu, nchi kutamka kwamba haitafungwa na kifungu fulani. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2010 ilipoiridhia Itifaki ya Maputo kuhusu haki za wanawake: ilijitenga na kifungu kinachoruhusu utoaji mimba wa kitabibu. Mkataba wa Kigali hauruhusu kujitenga hata kidogo.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inataka wananchi washirikishwe Bunge linapojadili mkataba. Ni jambo jema, ila nalo huja baada ya saini. Nchini Tanzania, mjadala mkali wa makubaliano ya bandari na Dubai ulizuka Juni 2023, ilhali yalisainiwa Oktoba 2022. Watu walikuwa wakihoji vifungu ambavyo vilikuwa vimeshakubaliwa miezi minane nyuma.

Kamati za Bunge zinapaswa kuiona rasimu wakati bado inabadilika. Kujadili mkataba kabla ya saini si jambo geni kwa Bunge la Tanzania. Novemba 2016 wabunge waliujadili mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya kabla Tanzania haijausaini. Waliishauri serikali isisaini, nayo haikusaini.