Pua ya mzee wa Sigor

Nilikwenda Sigor kuulizia bei ya mahindi, nikarudi na neno moja tu: hewa. Kikao cha kusuluhisha mpaka wa shamba kilikuwa karibu kuanza, watu wakisalimiana vizuri kabisa, mzee aliyeketi kando yangu aliponong'ona, "Hewa bado mbichi. Tungoje." Mvua hakuwa na habari nayo.

Mbichi vipi? Nilimfuata hotelini. Kumbe miaka mingi alikuwa akisimamia uchachushaji wa majani katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Kericho, kabla ya kustaafu na kurudi huku Chepalungu.

"Jani likichumwa halijafa, kijana wangu. Linapumua. Usiku kucha linapulizwa upepo linyauke, asubuhi ukilifinya linalegea kama kitambaa. Lakini usiku wa ukungu hewa imeshiba maji, haina pa kuyaweka ya jani. Utafanya nini? Unangoja."

Halafu majani husagwa na kutandazwa, na hapo ndipo pua yake ilipolipwa mshahara. "Mwanzo unasikia nyasi iliyofyekwa. Baadaye nyasi inaondoka, linakuja tunda. Si lililoiva, lililo njiani kuiva. Rangi nayo inageuka shaba. Hapo useme, peleka motoni! Ukichelewa, harufu inalala." Akakishusha kiganja mezani polepole. "Haiamki tena."

Saa na kipimajoto vilikuwepo kiwandani, naye hakuvidharau. Ila siku vilipopingana na pua, aliifuata pua.

Wachina, ambao neno chai limetoka kwao, wana neno qi: mvuke, pumzi, nguvu ya uhai. Herufi yake ya zamani ina mvuke juu ya mchele. Hali ya hewa kwao ni qi ya mbingu, na wapo wanywaji wanaosema kila chai ina qi yake. Wajapani hulitamka ki, na asiyehisi kikao kinaelekea wapi huambiwa hawezi kusoma hewa. Sisi je? Mtu akichafua hali ya hewa mkutanoni, nani hutoka nje kutazama mawingu?

Nikamsimulia mzee habari za Yamamoto Shichihei, Mjapani aliyeandika kitabu kizima juu ya hewa hiyo mwaka 1977. Humo imo manowari Yamato, iliyotumwa Aprili 1945 bila ndege za kuilinda, ikazama. Baada ya vita, kilichotajwa kuwa sababu ya uamuzi ule kilikuwa hewa ya wakati huo.

Mzee alinyamaza kidogo. "Hiyo ilichacha ikapita. Kikao ambacho kila mtu anasema ndiyo, hicho mimi nakiogopa kuliko cha ugomvi."

Kikao cha Sigor kilianza saa nane, baada ya kungoja sana, na majirani wale wawili wakakubaliana kung'oa ua na kuupanda upya. Je, wangeshindwana kama wangeanza saa sita? Mzee hana shaka. Nilipomuuliza alinusa nini hasa, alitaja vikohozi, viti vilivyosogezwa, kisha akaacha. Kiwandani aliwafundisha vijana wawili; mmoja alishika kwa wiki, mwingine hakushika kamwe, na hadi leo hajui kwa nini.

Chai yetu ya maziwa ikaletwa. Akainusa, akairudisha mezani, akaagiza maji.