London ya December ni ya Mguu

Tarehe 25 December, London nzima haina gari ya abiria. Tube, ile treni yao ya chini ya ardhi, imezimwa, mabasi nyekundu zimepaki, treni za kuingia na kutoka mtaa hakuna. Hii story nachapia kwanza kila beshte anadai kuishia majuu Krismasi, ju kuna wasee hupata tiketi rahisi ya kuland Heathrow siku hio hio, wanashangilia, alafu wakifika wanapata njia ya kuingia tao imebaki teksi na mabasi chache za safari ndefu zenye zililipiwa mapema. Maduka nazo? Kuna sheria ya 2004 inasema duka kubwa, yenye imepita mita mraba 280, haifunguliwi siku ya Krismasi Uingereza na Wales. Zenye utapata wazi ni tuduka twa kona, zile za maziwa na mkate.

Sisi watu wa Nai hii kitu haifai kutushtua. Krismasi ikifika kila mtu ameishia ocha, nauli ya Kisumu na Kakamega imepandishwa, na tao unaeza cheza kati katikati ya Moi Avenue. London pia watu wanarudi kwao, lakini mgeni hana ocha ya kurudi. Kwa hivyo kabla ubuy tiketi jiulize: tarehe 25 nitakuwa kwa keja ya nani? Ukikosa jibu, ishia London kuanzia tarehe 10 hadi 20, ushike raha, urudi home mkule chapo na mathe. Sikukatishi tamaa. Nataka tu ujue hio mtaa vile inafaa kujulikana: kwa mguu, pole pole, na siku yenyewe ya Krismasi ukiwa na watu wako.

Tuanze na baridi, ju hapo ndio wasee hujidanganya. London si ile ya sinema za theluji. December hali ya hewa hucheza kati ya digrii 4 na 9 hivi, mawingu kila siku na manyunyu ya hapa na pale. Theluji ya Krismasi ni bahati. Watu wa hali ya hewa wa Uingereza, Met Office, huhesabu Krismasi kuwa nyeupe ata kama ni kipande kimoja tu cha theluji kimeonekana kikianguka ndani ya yale masaa 24 ya tarehe 25. Kimoja! So wacha mabuti za kupanda mlima. Kitu itakumaliza ni upepo wa mto na nguo zimelowa. Kabla usafiri ingia Gikosh ama Toi usake koti ya kuzuia maji na upepo. Makoti nzito mteja wa Nai hazitaki sana, bei inaongeleka, na mob zilitoka huko huko Uingereza. Ndani piga vesti, tisheti, sweta, vitu za kuvua moja moja, ju ukiingia Tube joto inakukaba kama uko kwa mat ya Umo saa kumi na mbili jioni na madirisha zimefungwa. Soksi nzito na glavu ni lazima. Njumu nyeupe wacha home.

Alafu kuna giza. Katikati ya December jua linachomoza kama saa mbili asubuhi na linazama kabla ya saa kumi jioni. Msee amezoea jua la ikweta, lenye linaamka na kulala saa kumi na mbili mwaka mzima, hio kitu inampiga kichwa: saa kumi na moja jioni mwili unadai kulala. Dawa ni kurauka. Mchana mfupi fanya zile vitu za kuonwa na mwangaza, giza ikiingia ufuate mataa.

Na mataa nakushow mahali pa kuziona: panda basi ya 12. Inatoka Dulwich, inapita Peckham, Camberwell, Elephant and Castle, inavuka mto kwa Westminster Bridge, Bunge na Big Ben zikiwa kushoto, inapanda Whitehall, inakata Trafalgar Square na Piccadilly Circus, inaingia Regent Street na kumalizia Oxford Circus. Nauli mwaka wa 2025 ilikuwa pauni 1.75, kama soo tatu hivi za kwetu, na ndani ya saa moja unaeza ruka basi ingine na ingine bila kulipa tena. Doh mkononi hawachukui tangu 2014. Gonga na kadi ya benki ama fone. Panda juu, ung'ang'anie kiti ya mbele kabisa. Kioo itakuwa imejaa mvuke, panguza na mkono wa koti. Regent Street wamekuwa wakiwasha mataa za Krismasi tangu 1954, na miaka ya karibuni ni malaika wakubwa wa mataa, mabawa zimetandazwa kutoka jengo hadi jengo. Basi ikipita chini yao mwanga unaingia ndani, unapita kwa nyuso za watu mmoja baada ya mwingine: mama na mifuko ya shopping, kijana amelala na headphones, mtoto amenyamaza kabisa mdomo wazi. Kuna watalii wanalipia basi ya wageni pauni kibao kuona hiyo hiyo barabara.

Ukirudi, shuka Trafalgar Square. Ule mti mrefu uko hapo, wenye mataa nyeupe zimeshuka wima kutoka juu hadi chini, ulitoka Norway. Watu wa Oslo wamekuwa wakiutuma kila mwaka tangu 1947, na ni asante. Wajerumani walipovamia Norway 1940, King Haakon na serikali yake walikimbilia London, na hapo ndipo waliendelea kupigania nchi yao. Kila December kuna watu wanalalamika mtandaoni ati mti umekonda, ati ile ya mall ni noma zaidi. Mimi nawapinga. Ile ya mall ilibuyiwa wateja. Hii ilikatwa msituni, ikavuka bahari, ju mji mmoja bado unakumbuka wema wa mji mwingine, na mi sijui kitu ya Krismasi zaidi ya hio. Jioni kuna vikundi hukuja hapo chini kuimba wakichangisha doh za hisani. Nilipopita, kuna mama alikuwa mstari wa mbele, kofia ya sufu imemshuka hadi kwa macho, karatasi ya nyimbo imelowa inakatika mkononi, na hakuacha ata aya moja.

Sasa hapa ndio nataka mayut wa Kenya wanisikize. Kutoka huo mti tembea na The Mall, ile barabara ya kuelekea kwa mfalme, kama dakika kumi na kitu. Upande wako wa kulia, karibu na Green Park, kuna jumba linaitwa Lancaster House. Huingii, ni ya serikali yao, lakini kusimama nje hakuna mtu anakulipisha. Mikutano ya katiba ya Kenya ilifanyika hapo, 1960, 1962 na 1963. Ya kwanza ilianza January 1960, baridi ya aina hii hii, kina Tom Mboya, Ronald Ngala na Oginga Odinga wakiwa hapo ndani, Kenyatta akiwa bado amefungiwa Lodwar kwa lile jua. Ukiwa London tarehe 12 December, Jamhuri, ishia hapo kabla uishie mahali pengine popote.

Alafu endelea hadi Pimlico, 95 Cambridge Street. Ni nyumba ya kawaida kwa safu ya nyumba za kawaida, na kuna watu wanaishi, so usigonge mlango. Angalia ukutani. Kuna ile sahani ya blue ya English Heritage inakushow Jomo Kenyatta aliishi hapo kutoka 1933 hadi 1937. Hizo ndizo siku alikuwa anasoma London School of Economics chini ya profesa anaitwa Malinowski, na ile kazi ya shule ndio ilitoka kuwa kitabu, Facing Mount Kenya, 1938. Nilisimama hapo giza ikishuka, vidole zimeganda ndani ya glavu, nikamwaza. Mi nilikuwa nimefika na ndege ya masaa tisa na jioni nilikuwa nabonga na mathe kwa video. Yeye alipiga baridi baada ya baridi hapo, barua ikichukua wiki kufika home. Hao wazee tunawasoma kwa vitabu vya shule na kuwasahau baada ya mtihani. Mbele ya huo mlango huwezi wasahau.

Mamuseum sitaongea sana: British Museum, Natural History Museum, National Gallery, Tate Modern, zote mlango ni bure, na ni mahali poa pa kuota joto mvua ikichapa. Zinafungwa tarehe 24 hadi 26, so zimalize mapema. Winter Wonderland ya Hyde Park kila mtu atakutuma. Ni mataa, muziki na mabembea makubwa, na kila bembea ina bei yake. Pita uone kama una watoto. Mi singetumia jioni nzima hapo.

Usiku wa tarehe 24 ingia kanisa. Westminster Abbey na St Paul's watalii hulipa kuingia, na si kidogo, lakini ibada ni bure. Zingine zinataka tu ubook nafasi mapema, so cheki wiki kadhaa kabla.

Asubuhi ya Krismasi yenyewe, cuzo yangu wa huko alituamsha giza ikiwa bado na kutubeba na ndai yake hadi Hyde Park. Siku hio ata ile ada ya kuingiza gari katikati ya mtaa haitozwi. Saa tatu asubuhi, kwa ile ziwa inaitwa Serpentine, kuna klabu ya kuogelea hufanya mashindano ya yadi 100. Walianza 1864, na kutoka 1904 kikombe chao kilikuwa kinatolewa na J.M. Barrie, yule mwandishi wa Peter Pan. Hakuna wetsuit. Wazee wa nywele nyeupe wamesimama kwa mbao na chupi za kuogelea na kofia za Santa, ngozi imekuwa pink, mvuke unawatoka mabegani, alafu filimbi, na wote ndani. Tulipiga makofi mpaka mikono ikapata joto. Kama utaona kitu moja tu tarehe 25, ona hio.

Kutoka hapo ni kejani. Peckham, Rye Lane, siku kabla ya Krismasi inauza kila kitu unahitaji: mbuzi kwa bucha za halal, ndizi, dania, pilipili ya ukweli. Sukuma wanatumia majani ya spring greens, na ukiikata nyembamba na vitunguu hauskii tofauti. Chapo zilipigwa usiku mzima kwa zamu. Saa tisa alasiri TV ikawekwa kwa hotuba ya mfalme, kitu wamefanya tangu redio ya 1932, na wenyeji wa keja wakanyamaza kidogo ju hio nayo imekuwa yao. Saa hio hio Nai ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na fone zote zikaanza kulia.

Tarehe 26 mabasi na Tube zinarudi, ingawa pole pole, na maduka zinapunguza bei. Kama ulikosa koti, sai ndio saa. New Year wengi huwaza fataki za mto Thames. Tangu 2014 kusimama kando ya mto ni kwa tiketi, na huisha mapema sana. Ukikosa, kilima cha Parliament Hill unaziona kwa umbali bila kulipa. Kuanzia saa tano na dakika 45 usiku hadi saa kumi na nusu alfajiri Tube na mabasi ni bure, so kurudi si shida. Mi nilichagua kesha na Wakenya, na ningechagua tena. Tarehe moja kuna gwaride kubwa kutoka Piccadilly, na kuangalia kando ya barabara pia ni bure.

So kama unadai kuishia mwaka huu, panga sai. Visa ya mgeni ya Uingereza unaeza omba miezi mitatu kabla ya safari, si zaidi, na kawaida jibu huchukua kama wiki tatu baada ya kupigwa alama za vidole. Kwa hivyo ya December omba September, usingoje November ukianza kukimbizana na watu. Jua pia hio visa haikuingizi Paris wala Amsterdam. Na leo leo, kabla ya yote, pigia cuzo ama beshte yako wa huko simu umuulize kama tarehe 25 kuna nafasi kwa keja yake.