Kamera Inayopima Mwendo

Kamera ya mwendokasi hutuma mawimbi ya redio kwenye gari. Mawimbi hayo hurudi yakiwa yamebadilika kwa kadiri ya kasi ya gari, na mashine huikokotoa papo hapo. Nyingine hutumia leza, au nyaya zilizofukiwa chini ya lami. Gari likizidi kikomo hupigwa picha, programu ikasoma namba, na faini ikatumwa kwa mwenye gari. Hapasimamishwi mtu, kwa hiyo hapana yale mazungumzo ya kando ya barabara ambayo madereva wanajua yanavyoweza kumalizika.

Mwendo ndio unaolengwa kwa sababu madhara yake hayapandi sawia nao. Gari la kilomita 60 kwa saa hugonga kwa nishati iliyozidi ya lile la kilomita 50 kwa asilimia 44. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali za vifo hupanda kwa takriban asilimia 4.

Ufaransa ilifunga kamera yake ya kwanza ya kujiendesha Oktoba 2003, kusini mwa Paris. Mwaka 2002 barabara zake ziliua watu zaidi ya 7,000. Mwaka 2010 hawakufika 4,000. Si kazi ya kamera peke yake, maana udhibiti wa ulevi nao ulikazwa na magari yakawa imara zaidi. Hata hivyo, faini ya kuzidisha mwendo kidogo nje ya mji, euro 68, haimfilisi mtu. Kilichowatia adabu madereva ni kujua kwamba faini itafika, tena bila kubagua: kituo kimoja mjini Rennes hushughulikia makosa ya nchi nzima, na kila kipimo cha kamera isiyosogea hupunguzwa kilomita 5 (au asilimia 5 mwendo ukizidi 100) ili dereva asionewe.

Kasoro ya kamera ya mahali pamoja inajulikana: dereva hukanyaga breki akiiona, kisha huongeza mafuta akishaipita. Dawa yake ni kamera mbili zinazopima muda kati ya mwanzo na mwisho wa kipande cha barabara. Kilomita 10 zenye kikomo cha 80 haziwezi kwisha kihalali chini ya dakika saba na nusu. Anayezimaliza kwa sita alikwenda kwa wastani wa 100.

Kamera za aina nyingine, zile za kuwanasa wanaopita taa nyekundu, zina matokeo mchanganyiko: ajali za kugongana ubavuni hupungua, za kugongwa kwa nyuma zikaongezeka.

Mfumo pia unahitaji kukubalika. Maandamano ya vizibao vya njano yalipozuka Ufaransa mwishoni mwa 2018, zaidi ya nusu ya kamera ziliharibiwa, nyingi na watu walioziona kuwa mtego wa kukusanyia fedha. Unahitaji vilevile daftari sahihi la usajili, kwani gari likiuzwa bila kubadilishwa jina, faini humwendea aliyeliuza.