Ala za Muziki Kutokana na Vitu Vilivyotupwa

Utangulizi

Mwalimu akiulizwa kwa nini kipindi cha muziki kimegeuka kuwa kipindi cha hesabu au cha kufyeka majani, jibu lake kwa kawaida ni moja: shule haina ala. Jibu hili lina ukweli, lakini halitoshi. Nyuma ya jiko la shule yapo madebe na makopo matupu. Kando ya duka zimezagaa chupa za plastiki na vizibo vya soda. Kwa fundi wa baiskeli na magari ipo mipira ya ndani isiyoweza tena kuzibwa. Shule nyingi zinatumia ringi kuukuu ya gari kuwa kengele, na hakuna mtoto anayeshindwa kuisikia. Kwa hiyo, vitu vinavyoweza kutoa sauti havikosekani. Kinachokosekana ni mpango wa kuvitumia.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mwanachuo anavyoweza kuwaongoza watoto wa darasa la tatu au la nne kutengeneza ala kwa vitu vilivyotupwa, kisha kuzitumia kuufuatisha muziki wa Ulaya wa karne ya 19. Tutachukua kipande kimoja tu tukifuate mpaka mwisho, maana somo moja lililofundishwa vizuri lina faida kuliko matano yaliyoguswaguswa.

Kwa nini muziki huu?

Muziki tunaouzungumzia huitwa wa enzi ya Kiromantiki. Jina hili lisitupotoshe tukadhani kwamba ni nyimbo za mapenzi. Watunzi wa enzi hiyo walipenda kueleza kwa sauti hisia za binadamu, hadithi za kale, na mandhari ya nchi zao: milima, mito, dhoruba, na viumbe vya kuogofya. Sifa hiyo ndiyo inayotufaa. Mtoto aliyezoea hadithi za mazimwi hahitaji kuelezwa kwa maneno mengi kwamba muziki unaweza kusimulia kisa.

Tena, watunzi hao hawakuona haya kutumia sauti za vitu vya kawaida. Mtaliano Giuseppe Verdi, katika opera yake Il trovatore ya mwaka 1853, aliwapa waimbaji fuawe za wahunzi wazigonge kufuatana na mapigo ya wimbo. Mfaransa Camille Saint-Saëns, katika Danse macabre ya mwaka 1874, alitumia zeilofoni, ambayo ni ndugu wa marimba zetu, ili kuiga mlio wa mifupa ya wafu wanaocheza ngoma usiku. Fuawe ni chombo cha kazi kabla ya kuwa ala ya muziki. Basi tusidhani kwamba tunaushushia muziki huu hadhi tunapouletea kopo na ringi ya gari.

Muziki huu hauji kuondoa ngoma zetu, bali kukaa kando yake. Mtoto anayejua kupokezana mapigo katika ngoma ya kwao tayari ana nusu ya ujuzi unaotakiwa hapa.

Kipande tulichokichagua

Mtunzi Edvard Grieg alizaliwa mwaka 1843 katika mji wa Bergen, nchini Norwei, akafariki mwaka 1907. Mwandishi wa tamthilia Henrik Ibsen alimwomba atunge muziki wa kufuatana na tamthilia yake iitwayo Peer Gynt, na muziki huo ukapigwa jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1876. Sehemu moja ya muziki huo ndiyo tutakayoitumia. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita ‘Katika Ukumbi wa Mfalme wa Mlima’.

Kisa chenyewe ni chepesi. Peer Gynt, kijana mwenye majivuno na maneno mengi, anaingia ndani ya mlima yanakokaa mazimwi. Mazimwi yanamkasirikia na kumzingira. Mtunzi ameeleza jambo hilo kwa wazo moja fupi la muziki, lenye mizani minne tu, linalorudiwa mara nyingi. Kwanza linasikika kwa sauti ya chini, ya kunyatia, likipigwa na ala nzito: selo, besi na basuni. Kisha linapokewa na ala za sauti ya juu zaidi, kama vile fidla. Mwishowe orkesta nzima inalipiga kwa nguvu na kwa kasi. Kipande kinakwisha kwa vishindo vikubwa vyenye vimya katikati yake. Chote huchukua takribani dakika mbili na nusu.

Tumekichagua kwa sababu tatu. Ni kifupi, hivyo kinaweza kurudiwa mara kadhaa katika kipindi kimoja. Mapigo yake ni manne katika kila mizani, tena ni dhahiri. Zaidi ya hayo, kinafundisha mambo mawili ambayo watoto huyaona magumu: kuongeza sauti na mwendo kidogo kidogo, na kunyamaza kwa wakati.

Kutengeneza ala

Wiki moja kabla ya somo, waombe watoto walete vitu vilivyotupwa. Toa maonyo mawili. La kwanza, wasilete kabisa chombo kilichowahi kuwekwa dawa ya kuua wadudu au kemikali nyingine, hata kikiwa kimeoshwa. La pili, kopo lenye makali mdomoni lifikishwe kwako kwanza, uyapige makali hayo kwa nyundo mpaka yalale. Kutoboa kwa msumari ni kazi ya mwalimu au ya wanafunzi wakubwa.

Manyanga. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyokauka vizuri. Tia mchanga, au kunde, au kokoto ndogo, usizidishe robo ya chupa, kisha funga kizibo kwa nguvu. Watoto wengi hutaka kuijaza, wakidhani kwamba vingi vitalia zaidi. Waache wajaribu. Watagundua wenyewe kwamba chupa iliyojaa hailii, kwa sababu punje hazina nafasi ya kuruka na kugonga ukuta wa chupa. Watagundua pia kwamba mchanga hunong’ona na kokoto hupiga kelele.

Ngoma. Tafuta kopo kubwa la maziwa ya unga na mpira wa ndani wa gari. Kata vipande viwili vya mpira vya duara, kila kimoja kizidi mdomo wa kopo kwa sentimita tatu pande zote. Toboa matundu madogo kuzunguka ukingo wa kila kipande. Kimoja kiweke juu ya mdomo, cha pili kiweke chini ya kopo kama mshikizo, kisha uvifunge pamoja kwa kamba inayopanda na kushuka kupitia matundu hayo. Kadiri kamba inavyokazwa ndivyo sauti inavyokuwa ya juu. Kopo pana lenye mpira uliolegea kidogo hutoa sauti nzito.

Njuga. Gonga vizibo vya soda mpaka viwe bapa, vitoboe katikati kwa msumari, uvitunge kumi au kumi na viwili katika waya, kisha ukunje ncha za waya kwa ndani zisichome mikono.

Matoazi na kengele. Mifuniko miwili ya sufuria kuukuu hufanya kazi ya matoazi. Kipande cha chuma au ringi ndogo hufanya kazi ya kengele, lakini lazima kining’inizwe kwa kamba. Mwambie mtoto akigonge kikiwa kimening’inia, kisha akigonge akiwa amekikamata kwa kiganja. Mara ya pili mlio utakufa mara moja, maana mkono umezuia chuma kutikisika. Hapo mtoto amejifunza kwa mkono wake kwamba sauti ni mtikisiko, na mwalimu wa sayansi atamkuta ameshatayarishwa.

Mwanachuo ataona kwamba hatukutaja filimbi wala ala za nyuzi. Ala ya namna hiyo ikitengenezwa bila kupatanishwa na sauti za orkesta iliyorekodiwa, itagombana nayo. Kwa kazi hii tubaki na ala za kugonga na kutikisa.

Kosa ambalo nasi tulilifanya

Tulipojaribu somo hili kwa mara ya kwanza, tuliwagawia watoto wote ala zao, tukawasha muziki kwa simu iliyowekwa mezani, tukawaambia waanze. Baada ya nukta chache hakuna aliyeusikia muziki. Watoto hamsini walikuwa wakigonga, kila mmoja kwa mwendo wake, na mwalimu wa darasa la jirani akaja kutuuliza kulikoni. Kosa halikuwa la watoto. Sisi tulikuwa tumewapa ala kabla ya kuwapa muziki. Utaratibu ufuatao umetokana na kosa hilo.

Utaratibu wa somo

Hatua ya kwanza: kusikiliza. Ala zote zibaki pembeni. Simulia kisa cha Peer Gynt, kisha upige muziki. Kama una simu tu na huna kipaza sauti, iweke ndani ya ndoo tupu. Ndoo itaikuza sauti. Watoto wasifanye lolote ila kusikiliza. Baadaye uliza: ‘Mazimwi yalianza kukimbia wakati gani? Mlijuaje?’

Hatua ya pili: kutia mapigo mwilini. Rudia muziki, watoto wagonge kiganja kwa kidole kimoja, kisha kwa viwili, kisha kwa vyote kadiri sauti inavyokua. Hesabuni pamoja: moja, mbili, tatu, nne. Asiyeweza kufuata kwa kidole hataweza kufuata kwa ngoma. Kwa hiyo usiharakishe hatua hii.

Hatua ya tatu: kugawa makundi. Kundi la kwanza lishike ngoma za sauti nzito, la pili manyanga na njuga, la tatu matoazi na kengele. Ala kumi na tano zinatosha darasa la watoto hamsini. Wasio na ala waendelee kugonga viganja, kisha wabadilishane.

Hatua ya nne: kuchora ramani ya muziki. Juu ya ubao au ubavu wa boksi lililokunjuliwa, chora duara dogo kwa sauti ndogo, duara kubwa kwa sauti kubwa, na acha nafasi tupu kwa kimya. Ala nzito za orkesta zinapoanza kunyatia, kundi la kwanza pekee lipige kwa ncha za vidole, pigo la kwanza na la tatu tu. Wazo linapopokewa na fidla, kundi la pili liingie, manyanga yakitangulia njuga. Orkesta nzima inapolipuka, kundi la tatu liingie na wote wapige. Watoto wasiukimbilie muziki mbele. Wakizidisha mwendo, nyanyua mkono, simamisha, anza upya.

Hatua ya tano: mwisho. Katika vishindo vya mwisho watoto wapige kishindo kimoja, wanyamaze, wasubiri, wapige tena. Hapa ndipo darasa hujulikana kama limejifunza. Fanyeni mazoezi ya sehemu hii peke yake mara tatu au nne bila muziki, mwalimu akionyesha kwa ngumi iliyofungwa na kiganja kilichofunguliwa. Baadaye mwachie mtoto mmoja uongozi huo.

Kupima maendeleo

Tusimpime mtoto kwa nguvu ya mkono wake wala kwa uzuri wa kopo lake. Tujiulize mambo matatu. Je, anaweza kushika mapigo muziki ukiwa wa polepole na ukiwa wa kasi? Je, anaweza kunyamaza mahali pa kunyamaza? Je, anaweza kueleza kwa nini ala yake inalia hivyo, na afanye nini akitaka ilie vingine? Mtoto anayejibu swali la mwisho amepita hatua ya kupiga kelele.

Mwangalie hasa yule asiyeimba. Katika kila darasa yumo mtoto ambaye ameambiwa kwamba sauti yake ni mbaya, naye akaamini, akanyamaza. Mtoto huyo akipewa manyanga aliyoyatengeneza mwenyewe, akaingia pale panapotakiwa na kunyamaza pamoja na wenziwe, ameurudia muziki kwa mlango ambao hakuna wa kumfungia.

Hitimisho

Baada ya somo, waulize watoto kama wanajua ngoma au wimbo wa kwao unaoanza polepole na kuchangamka mwishoni. Waonyeshe, na ala zile zile zitumike. Hapo watatambua kwamba Grieg wa Norwei na mpiga ngoma wa kijijini kwao wanajua siri moja: muziki ukianza kwa nguvu zake zote hauna tena pa kwenda.

Hatusemi kwamba makopo yanatosha. Shule inastahili ala nzuri, na mwalimu hana budi kuendelea kuziomba. Lakini darasa la tatu la mwaka huu halitarudi kungoja ala zifike. Vitu vilivyotupwa vipo leo, watoto wapo leo, na kipindi cha muziki kimo katika ratiba. Tukitumie.